Mkalimani wa Shangazi Siwema

Harufu ya mafuta ya cherehani hunifanya nikunje uso. Si kwamba ni mbaya; kwangu mimi inauzidi udi na asumini kwa pamoja. Nakunja uso kwa sababu za kikazi. Juzi nilipeleka gauni kwa fundi hapa Kibiti, akadondosha mafuta kidogo kwenye tundu za mashine yake, harufu ikapanda, na kabla sijajijua nimeshamkazia macho kijana wa watu mpaka akaniuliza, "Mama, kwani nimekukosea nini?" Nikacheka hadi nikatafuta pa kukaa. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimerudi utotoni, niko barazani kwetu, kwenye kijiji chetu cha njiani kwenda Nyamisati, na niko kazini?

Wenzangu mliokua enzi zile za ruksa mnakumbuka. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakaanza kunukia sabuni za kila rangi, na mitumba ikaingia. Marobota kwa marobota! Sijui huko Ulaya walikuwa wanaishi majitu ya namna gani, maana suruali zilizofika kwetu hazikuwa za binadamu. Kulikuwa na moja ya bluu, Baba aliingia mguu mmoja, mimi na mdogo wangu tukaingia mguu wa pili, na nafasi ya mbuzi ikabaki. Watu walizinunua hivyo hivyo, wakazifunga kamba kiunoni, wakatembea kama magunia ya mpunga yaliyoota miguu. Kijiji kizima kilikuwa kinamsubiri mtu wa kukipunguzia nguo.

Mtu huyo alikuwa Shangazi Siwema, mdogo wake Baba, kitinda mimba wa Bibi. Tulikuwa tunakaa nyumba moja sote. Surua ilimshika akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi wakati huo, ikamwachia uhai, ikaondoka na masikio. Kijijini walimwita "bubu", mbele yake, kwa sauti kubwa, kwa kuwa hasikii. Hawakujua kwamba midomo ikisema neno hilo hukutana mara mbili, pa, pa, na yeye alikuwa analisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

Sisi wa nyumbani tulikuwa na lugha yetu ya mikono, nyusi na mabega. Aliyeianzisha simjui, mimi niliikuta kama nilivyoukuta mnazi wa uani, na nilijifunza kuisema kabla sijajua kutembea, au karibu na hapo. Kila mtu alikuwa na jina la mkono. Bibi alikuwa kidole kinachogusa pua, kwa ajili ya kipini chake. Baba alikuwa kukuna kisogo. Mimi nilikuwa mashavu yaliyojazwa upepo, jina ambalo nimekua nalo na mpaka leo linanienea. Shangazi mwenyewe alikuwa kidole kinachopita taratibu juu ya nyusi ya kushoto, penye kovu la siku alipoanguka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Bibi alikuwa na maneno machache ya mkono, ya jikoni hasa. Baba alikuwa na neno moja tu: kunyoosha kidole. Kile. Yule. Pale. Mengine yote alinituma mimi.

Kushona Shangazi alijifunza kwa macho. Kila alipofuatana na Bibi sokoni Kibiti alisimama mbele ya fundi mmoja wa barazani na kumtazama mpaka yule bwana akaanza kujichoma sindano. Akirudi nyumbani alishona kwa mkono, mishono midogo kama mstari wa sisimizi. Ndivyo alivyomkuta yule mama wa ofisi ya ustawi wa jamii, ambaye hakuna aliyelishika jina lake. Wote tulimwita Mama Ustawi. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye msalaba mdogo shingoni na viatu visivyoogopa tope, na alikuwa anapita vijijini kuwaandikisha wale waliokuwa wanaitwa wakati huo "wasiojiweza". Alimwona Shangazi, akautazama mshono, akageuza kitambaa akautazama upande wa pili, akasema, "Huyu ndiye asiyejiweza?" Halafu akacheka peke yake.

Masika yalipokwisha akarudi na gari, na ndani ya gari mlikuwa na cherehani. Ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Nawaambieni, hata kuku waliacha kudonoa. Mkutano ukaitishwa, na manung'uniko yakaja nao.

"Kwa nini apewe bubu?" akauliza mzee mmoja. "Sisi wenye masikio tumekosa nini?"

"Niandike na mimi, mama," mwingine akadakia. "Kuanzia kesho mimi kiziwi. Mke wangu hata leo akisema simsikii."

"Ukisikia harufu ya wali tu ndiyo unasikia!" mkewe akamrudishia kutoka kwa wanawake, na mkutano ukavunjika mbavu.

Mama Ustawi alicheka nao, kisha akasema bila kupandisha sauti kwamba mashine ni ya Siwema. Si ya kaka yake, si ya nyumba, ni ya Siwema. Akatoa karatasi kubwa yenye picha za mikono, alama za viziwi wa mjini, akasimama mbele ya Shangazi na kuanza kuzifuata picha moja baada ya nyingine, mikono ikipanda na kushuka. Shangazi alimtazama kwa adabu zote. Halafu akanigeukia na kuniuliza kama yule mama ameumwa na siafu.

"Amesemaje?" Mama Ustawi akataka kujua.

Nikamwambia kama ilivyo. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Akaikunja karatasi yake, akaniwekea mkono kichwani, akawageukia watu. "Basi mpaka tujifunze lugha zao, huyu ndiye mkalimani wake. Jambo lolote linalomhusu Siwema lipitie kwa mkalimani wake. Mmenisikia? Lolote."

Mkalimani! Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu nizaliwe, na hakuna aliyenieleza. Nikalitafuna mwenyewe. Mkali nilikuwa namjua. Mbwa mkali, mwalimu mkali, na pilipili kali pia. Sasa mkalimani atakuwa nani kama si mkali aliyepandishwa cheo? Serikali imekuja na gari kutoka Kibiti kunitangaza mbele ya kijiji kuwa mimi ni mkali rasmi wa Shangazi Siwema. Maana yenyewe nilikuja kuipata nikiwa mama wa watoto, darasa la jioni la watu wazima, mwalimu alipotaka kila mmoja wetu atoe sentensi. Nikainuka kwa kujiamini: "Mkalimani alimfokea mteja mpaka akalia." Mwalimu akaweka chaki chini, akaenda dirishani, akasimama huko kwa muda mrefu mabega yakimtetemeka.

Lakini miaka ile sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijifunza kukunja uso kwa kujitazama kwenye maji ya ndoo. Wateja wakija na suruali zao za majitu walinikuta mimi kwanza, nimeshika kiuno mbele ya cherehani.

"Unataka nini?"

"We mtoto, hata shikamoo?"

"Shikamoo. Unataka nini?"

"Nipunguziwe kiuno, na miguu."

"Umtazame usoni ukisema! Usiniambie mimi, mimi siyo fundi!"

Ukali ule ulikuwa na faida ambayo sikuipanga. Watu wakawa wanamtazama Shangazi usoni. Wakajifunza kuonyesha kwa mikono: hapa fupisha, hapa kaza, hapa niachie nafasi ya wali. Wengine wakajifunza hata jina lake, kidole juu ya nyusi. Wateja walikuwa wakitoka Mtawanya, wakitoka Mafia kwa boti, na nikisema foleni yetu ilifika mpaka baharini nitakuwa nimeipunguza kidogo tu. Shangazi akanunua bati. Akamnunulia Bibi miwani. Na akaanza kuimba. Yaani mguu ukiwa kwenye pedali, sauti yake ambayo watu walizoea kuicheka ilikuwa inatoka kidogo, mmm, mmm, kwa mwendo wa mashine, na hakuna aliyethubutu kucheka maana nilikuwepo.

Ndipo akatokea Bwana Mfaume. Alikuwa mfanyabiashara wa boriti za mikoko, mwenye kicheko kilichotangulia mwili, na jina lake la mkono lilikuwa boriti begani. Alileta kanzu ikazwe, na tangu hapo akawa anakuja kukaa barazani na wanaume kuanzia asubuhi, akiitazama cherehani inavyokwenda. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Nyie mmeoa redio," aliwaambia wenzake, "zinawaimbia usiku kucha. Mimi nitaoa benki. Haisemi, na asubuhi inafunguliwa."

Wakacheka, nami nikawakunjia uso wote, lakini sikuwa nimeelewa. Nilidhani anataka kwenda kuoa mjini, kwenye benki.

Posa ilipoletwa, Baba hakuifurahia wala hakuikataa. Nilimsikia jikoni akiongea na Bibi huku anakuna kisogo. "Mama, mimi leo nipo. Nikifa nani atakaa naye? Mfaume ana nyumba, ana jina. Nani mwingine atamtaka?" Nikauliza nani anatakwa na nani. Bibi akanifukuza kwa mwiko: mambo ya ndoa hayapitii kwa mtoto, mkalimani au si mkalimani. Akasema atamwambia mwanawe mwenyewe, kwani yeye ndiye aliyemzaa.

Akaenda kumwambia. Akapitisha mikono yote miwili juu ya kichwa chake kama anayejitanda mtandio, akamgusa Shangazi bega, akatabasamu. Shangazi akamtazama, akaitikia kwa kichwa, akachukua futi ya kupimia. Kesho yake alikuwa anakata kitambaa cheupe. Bibi akatoka kifua mbele. "Nimemwambia. Kakubali, na gauni keshaanza kulishona!"

Jioni ile Shangazi aliniita pembeni. Tumepata kazi ya bibi harusi, akaniambia kwa mikono, lakini mama hajanipa vipimo. Mwenyewe ni mnene? Nikamjibu sijui, watu wazima wanaficha; yale ya jikoni sikuwa nimeyaunganisha na kitambaa kile. Basi akajipima yeye mwenyewe kwa kukisia, akaacha nafasi pembeni ya kuongeza endapo mwenye gauni ni mnene, na akalishona lile gauni kwa moyo wote, na shanga kifuani, kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Alimjua siku ya harusi asubuhi, wanawake walipoingia na hina wakamtoa mguu kwenye pedali.

Sijawahi kuuona uso kama ule. Akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake, akauliza, nani? Nikamkimbilia mama yangu kwenye masufuria; Mama akasema Bwana Mfaume, na usipige kelele. Nikarudi nikaweka boriti begani.

Yule? Mikono yake ilikwenda haraka na ndogo, karibu na kifua, asione mwingine. Hajawahi kunisalimu. Mwaka mzima anakuja hapa, hajanisalimu hata kwa kichwa. Nikamuuliza kama nipige kelele mimi. Akatikisa kichwa. Nikisukuma watu sasa watasema bubu ana kichaa, na kaka ataaibika, sufuria zimeshapanda jikoni. Nataka niulizwe. Nikiulizwa nitajibu. Akanishika kidevu. Uwepo.

Bibi akanitoa nje kwa sikio.

Baada ya alasiri sheikh aliingia na Baba, aliyesimama kama walii wake, wa kumwoza, na mashahidi nyuma yao. Shangazi alikuwa ndani ya chumba, amefunikwa shuka, Bibi ubavuni, na pazia mlangoni. Mnaijua desturi yetu. Mwali huulizwa, na kwa haya zake hanyanyui sauti. Huulizwa tena, na kimya chake kinahesabiwa kuwa ridhaa, vigelegele vinapigwa. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Sheikh akasogea penye pazia, akauliza kwa sauti nzuri, ya upole kabisa, kama Siwema ameridhia kuozwa na kaka yake kwa Mfaume. Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Kanyamaza, sheikh," Bibi akasema ndani. "Karidhia."

Nilipita kati ya miguu ya mashahidi, mmoja akashika ukuta.

"Huyu kanyamaza tangu surua!" nikafoka. "Sasa ndiyo karidhia kila kitu?"

Uani mtu akadondosha upawa kwenye pilau.

"We mtoto, toka!" Baba akasema.

"Sitoki! Mimi ndiye mkalimani! Mama Ustawi alisema lolote lipitie kwangu, hili halijapita! Anataka aulizwe!" Nikawakunjia uso wote, sheikh akiwemo, Mungu anisamehe, uso wa kwenye ndoo.

Baba alinyoosha mkono anikamate. Sheikh akamzuia. "Ngoja, bwana. Kimya cha mwali ni cha yule ambaye angeweza kusema akaona haya. Huyu sisi bado hatujamuuliza." Akalitazama lile pazia. "Tumeuliza kitambaa." Akalisogeza kando, akaomba Shangazi afunuliwe uso, akaniambia, "Haya, mwanangu. Muulize kama nilivyouliza. Usiongeze, usipunguze."

Nikamuuliza. Shangazi akaketi wima katika gauni lake la shanga, hina ikiwa mbichi viganjani, akajibu taratibu, kila mtu aone.

"Anasema aje mwenyewe amuulize," nikasema. "Aanze kwa kumwita jina."

Bwana Mfaume akaletwa kutoka kwenye mkeka wa wanaume, anacheka, kanzu imemkaa vizuri kwa kuwa imekazwa na Shangazi huyo huyo. "Kumwita? Si Siwema huyu?"

"Kwa mikono, bwana," sheikh akasema. "Hakusikii."

Mfaume akatazama kushoto, akatazama kulia. Watoto waliokuwa dirishani walikuwa wanalijua lile jina. Wateja wa Mafia walikuwa wanalijua. Dogo kabisa, kidole kimoja juu ya nyusi moja. Yeye akafikiri, akafurahi kwamba amepata, akainua mguu wake wa kulia, akaanza kukanyaga hewa, huku mikono ikisukuma kitambaa kisichokuwepo. Tak, tak, tak. Akamnyooshea kidole.

Hakuna aliyecheka. Hata wale watoto hawakucheka. Bibi alifunika mdomo kwa khanga. Nilimwona Baba anautazama mguu ule unavyopanda na kushuka, na shingo yake ikaingia mabegani kama mtu aliyemwagiwa maji.

Shangazi aliitazama mashine yote ile mpaka ikasimama yenyewe. Halafu akaniambia maneno machache, na nikayatoa bila kuongeza wala kupunguza:

"Anasema cherehani imekataa."

Nadhani sheikh alijitahidi. Alikohoa, akashika ndevu, akasema "Basi, jambo limekwisha, hakuna ndoa," lakini alipofika uani akaegemea mnazi na kucheka mpaka kofia ikaanguka. Mahari ikarudishwa saa ile ile. Mfaume aliondoka kwa hatua ndefu, na katika kijiji chetu aliitwa Fundi mpaka alipohama. Sheikh naye, tangu siku ile, popote penye kiziwi alimtafuta kwanza mtu wa kumsemea, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Nimekula pilau za watu kuanzia Nyamisati hadi Mchukwi kwa kazi hiyo, na mwili huu mnaouona haukujileta wenyewe.

Pilau la siku ile nalo halikutupwa. Watu walikula kama waliokuja kwa ajili yake tu. Shangazi alivua gauni, akalikunja, akavaa khanga zake, akaja kugawa nyama. Baba alikaa kwenye kigoda pembeni na kula peke yake, sahani juu ya sahani, kama wanavyokula watu wasiotaka kuongea. Wageni walipopungua, kabla ya magharibi, akaniita.

"Mwambie shangazi yako kwamba..." Akakuna kisogo. "Mwambie nilidhani..." Kisha akasema, "Hapana. Wewe kaa hapo."

Akainuka akaenda mwenyewe mpaka mbele yake. Sisi kwetu kuomba radhi ni kupapasa kifua kwa kiganja, juu kabisa, karibu na koo. Kupapasa tumbo ni njaa. Baba hakuwa amewahi kusema neno lolote kwa mikono zaidi ya kile na yule na pale, na mkono ulikuwa mzito, ukaanzia kifuani ukateleza. Akasimama mbele ya dada yake, macho yamejaa, anapapasa tumbo. Anapapasa, anapapasa.

Nilifungua mdomo nimrekebishe. Shangazi akanitupia jicho moja, nikaufunga.

Akachukua sahani kubwa kuliko zote, ile ya sheikh, akaijaza mpaka ikawa kilima, akaweka na mfupa wa paja juu, akampa kwa mikono miwili. Baba aliipokea. Alikuwa ameshiba mpaka kooni, mshipi ameshaulegeza tangu zamani, lakini alikaa chini pale pale miguuni pake akala, tonge baada ya tonge, jasho linamtoka, hakubakiza hata punje. Alipomaliza akainua uso. Shangazi akamwongeza.